Barua za Wasomaji: Kijiji, Wadi na Muhuri wa Karani

Barua za mara hii zimetoka visiwa vya Lamu, Kenya, kwa wingi, na karibu zote zina lalamiko moja: tumesema barazani, mbona hakuna lililofanyika? Tumechagua saba. Pale ambapo barua mbili ziliuliza jambo moja tumejibu iliyotaja mambo kwa urefu.

SWALI: Hapa kwetu Matondoni yuko naibu wa chifu, wako wazee wa mtaa, na sasa twasikia kuna msimamizi wa kijiji na baraza la kijiji. Mkubwa wa kijiji ni nani hasa? Mtu akiwa na shida aanzie wapi? — *Msomaji, Matondoni*

JIBU: Mkubwa mmoja hayupo, kwa sababu kijiji kinahudumiwa na serikali mbili. Chifu na naibu wake ni watumishi wa serikali kuu. Kwao utapeleka mambo ya usalama, barua ya kuombea kitambulisho, vizazi na vifo vilivyotokea nyumbani, na ugomvi mdogo wa majirani. Mzee wa mtaa ni msaidizi wao.

Upande wa pili ni kaunti. Kila wadi ina msimamizi wa wadi, aliyeajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Chini yake, pale ambapo bunge la kaunti limeigawa wadi kuwa vijiji rasmi, huwa na msimamizi wa kijiji. Baraza la kijiji mnalolisikia limo katika kifungu cha 53 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012: msimamizi wa kijiji ndiye mwenyekiti, pamoja na wazee wasiopungua watatu wala kuzidi watano, wanaoteuliwa kwa ushindani na kuidhinishwa na bunge la kaunti, huku usawa wa wanawake na wanaume ukizingatiwa. Mzee huyo lazima awe ameishi au amemiliki mali kijijini kwa muda usiopungua miaka mitano mfululizo. Kazi ya baraza ni kuratibu ushiriki wa wananchi, kufuatilia miradi na kumshauri msimamizi wa wadi. Baraza hilo halishiki fungu la pesa, kwa hiyo anayewaambia kuwa "baraza litajenga" hajui asemalo au anajua na anawapumbaza.

Mwakilishi wadi ni mtu wa tatu. Yeye hutunga sheria, hupitisha bajeti na kuisimamia serikali ya kaunti. Hana mamlaka ya kumwamuru mwanakandarasi, ingawa siku ya uzinduzi ndiye anayeshika mkasi.

Njia ya mkato ya kujua mlango wa kubisha ni Jedwali la Nne la Katiba. Zahanati, maji ya kijiji, mifereji ya mvua, barabara za kaunti, taa za mitaani, soko, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, zimamoto na udhibiti wa mifugo ni vya kaunti. Shule ya msingi na ya sekondari, polisi na vitambulisho ni vya serikali kuu. Ukimpelekea msimamizi wa wadi habari ya paa la shule ya msingi, atakusikiliza kwa heshima na barua yako itabaki mezani kwake.

SWALI: Jabia letu la kukingia maji ya mvua lina nyufa, maji hayakai. Kila baraza twaambiwa "limeandikwa". Mwaka jana mwezi wa Mei tulikwenda watu wengi kwenye mkutano wa bajeti, tukasema kwa sauti, hatukupata kitu. Tulikosea wapi tena? — *Kwa niaba ya kina mama, Ndau*

JIBU: Hamkukosea maneno, bali mlichelewa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka, ule unaotaja mradi mmoja mmoja, hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na mpango huo ni wa mwaka wa fedha *unaofuata*. Kufikia tarehe 28 Februari huja waraka wa mikakati ya fedha, unaoweka kiwango cha juu cha matumizi ya kila idara. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio yapo bungeni, na kufikia tarehe 30 Juni yawe yamepitishwa. Anayesimama mwezi wa Mei kudai mradi ambao haukuwamo katika mpango wa Septemba iliyotangulia anaomba kiti katika boti iliyokwisha ng'oa nanga. Mei ina faida kwa mradi uliomo tayari: mtetee fungu lake lisipunguzwe. Ombi jipya lipelekwe kati ya Juni na katikati ya Agosti.

Na liwe kwa maandishi. Barua iandikwe kwa msimamizi wa wadi, nakala kwa afisa wa maji wa kaunti na kwa mwakilishi wadi. Pelekeni nakala mbili za kila moja: moja mwache, nyingine karani aipige muhuri wa kupokelewa na kuitia tarehe, mrudi nayo. Barua isiyo na muhuri, kwa ofisi, haijaandikwa.

Ndani yake msiandike "tunateseka". Andikeni vipimo. Pimeni uwanja wa kukingia mvua: urefu mara upana. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wa mita 20 kwa 20 ni mita 400 za mraba. Mvua ya milimita 100 ingeleta lita 40,000, na mkitoa sehemu ya tano inayorukia nje, kufyonzwa na kukauka, mnabaki na lita 32,000. Hiyo ni mitungi 1,600 ya lita 20. Nyumba 60 zikichota mitungi miwili kila siku, ni siku 13. Sasa ofisi inajua nini kinapotea.

Kisha onyesheni uvujaji kwa namba. Jioni moja fungeni uchotaji, wekeni alama ya chaki kwenye ukuta wa tangi mahali maji yalipofika, mrudi baada ya saa 24. Tangi lililofunikwa halipaswi kushuka kwa kiasi cha kuonekana. Tangi la wazi hupoteza milimita chache kwa jua na upepo. Likishuka sentimita 5, na upana wake ni mita 10 kwa 5, mmepoteza lita 2,500 usiku na mchana mmoja. Fanyeni jaribio mara mbili: tangi likiwa limejaa, na likiwa nusu. Kama kasi ya kushuka inasimama maji yakifika kimo fulani, ufa uko juu ya kimo hicho, na fundi hana haja ya kuondoa lipu yote.

Ambatisheni picha, idadi ya nyumba, na karatasi ya ardhi. Hili la mwisho ndilo huangusha miradi mingi ya visiwani. Kaunti haiwezi kumwaga saruji kwenye kiwanja ambacho kesho mtu atadai ni cha babu yake. Kama ni ardhi ya wakfu, ipatikane idhini ya maandishi ya msimamizi wa wakfu. Kama mtu alitoa kwa hiari, aandike na kutia saini mbele ya mashahidi akiwa hai na akili zake timamu.

Mradi ukiingia bajetini, ulizeni mambo mawili. Je, gharama ya boti imo? Saruji, mchanga na nondo vikishuka Mokowe safari ndiyo kwanza imeanza, na makadirio yaliyonakiliwa kutoka bara husahau hilo. Mwanakandarasi hulijaza pengo kwa kupunguza saruji. Pili, kazi itaanza lini? Wakati wa kusi bahari ni nzito, mizigo hulowa, na saruji iliyopata unyevu huganda mfukoni. Kazi ya jabia ifanyike kaskazi, iishe kabla ya Machi, ili mvua za masika zikute uwanja umekauka na kuoshwa.

Wakati mnasubiri, nyufa ndogo mnaweza kuziba wenyewe. Chongeni ufa kwa patasi mpaka uwe wa umbo la V, kina cha sentimita mbili hivi, sugueni vumbi, lowesheni, kisha jazeni kwa lipu ya saruji moja kwa mchanga mara tatu. Mchanga usiwe wa ufuoni: chumvi yake hula nondo na kuidhoofisha lipu. Funikeni kwa magunia na kumwagilia siku saba. Wengi huacha siku ya pili kwa kuona pamekuwa pagumu, na ufa hurudi mahali pale pale kabla ya mwaka.

Mvua ya kwanza iachwe iende nje, isiingie tangini, kwa maana inaosha kinyesi cha mbuzi na ndege. Dawa ya klorini ya unga wa asilimia 65 hutiwa gramu 150 hivi kwa tangi lenye lita 50,000 za maji: ikorogwe kwanza katika ndoo, imwagwe kwa kuzungusha, na watu wasichote kabla ya nusu saa kupita. Afisa wa afya ya umma ana kifaa cha kupima kilichobaki majini. Mwiteni, ni kazi yake.

SWALI: Mimi ni katibu mpya wa kikundi cha maendeleo. Muhtasari wangu umerudishwa na benki mara mbili, na mzee mmoja yuwasema sikuandika alivyosema. Nieleze muhtasari mzuri unaandikwaje. — *Katibu, Kipungani*

JIBU: Anza na daftari lenyewe. Nunua kaunta buku la jalada gumu lenye kurasa zilizoshonwa, uzipe kurasa namba kwa mkono kabla hujaandika lolote. Karatasi za kuchana hupotea, na ukurasa uliochanwa huleta maneno. Ukikosea, piga mstari mmoja unaosomeka, andika sahihi pembeni, utie saini ndogo. Usifute kwa rangi nyeupe.

Kila mkutano upe namba, tarehe, mahali na saa ulipoanza hasa, wala si saa iliyotangazwa. Andika waliohudhuria kwa majina kamili, waliotoa udhuru, na wasiofika. Halafu sema kama akidi ilitimia, ukitaja katiba ya kikundi inataka wangapi. Mkutano usio na akidi unaweza kuzungumza mpaka magharibi, lakini hauwezi kuamua, na uamuzi uliofanywa humo ukipingwa baadaye huanguka.

Sasa kuhusu mzee wako. Muhtasari hauandiki kila neno la kila mtu. Unaandika hoja, uamuzi, nani atautekeleza na lini. Ukitaka kuandika mvutano, andika "baadhi ya wajumbe walipinga kwa sababu ya gharama", basi. Mjumbe akitaka upinzani wake uwe na jina, aombe mwenyewe mbele ya kikao na uandikwe. Mkutano unaofuata husomewa muhtasari, husahihishwa, ndipo mwenyekiti na katibu hutia saini. Mzee asubiri hapo; nyumbani kwako au msikitini baada ya swala si mahali pa kusahihishia.

Benki inataka kitu kimoja chenye kukamilika, na makatibu wengi huandika nusu yake. Kwa kubadilisha watia saini, iwe hivi:

"Uamuzi wa 4. Mkutano umekubaliana, kwa kura 17 dhidi ya 2, kwamba watia saini wa akaunti ya kikundi wawe mwenyekiti, katibu na mweka hazina (majina kamili kama yalivyo katika kitambulisho, na namba za vitambulisho). Malipo yoyote yataidhinishwa na wawili kati ya hao watatu, mmojawapo akiwa mweka hazina. Watia saini wa awali wameondolewa kuanzia tarehe ya leo."

Sentensi ya mwisho ndiyo husahaulika, na bila hiyo benki ina haki ya kukurudisha. Jina likiwa Mohamed kitambulishoni na Muhammad katika muhtasari, utarudishwa pia. Fedha ziandike kwa tarakimu na kwa maneno. Hakikisha vilevile cheti cha kikundi ni hai: kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 kikundi kinasajiliwa na ofisi ya maendeleo ya jamii, na kiwe na watu wasiopungua kumi.

Na tahadhari moja juu ya orodha ya mahudhurio. Kila ukurasa wake uandikwe juu: mkutano gani, tarehe gani, kuhusu nini. Piga mstari chini ya jina la mwisho. Orodha tupu yenye majina na saini, isiyo na kichwa, inaweza kubandikwa nyuma ya waraka wowote, na kijiji kikajikuta kimeunga mkono jambo ambalo hakijawahi kulisikia.

Saa ya mkutano nayo ni kazi ya katibu. Ijumaa adhuhuri haifai, na ukialika watu wa Faza au Kizingitini, ulizia maji kwanza kwa nahodha: boti zinazopita mkondo wa Mkanda hufuata kujaa na kupwa, na mgeni aliyekosa maji hatakuja kwa sababu ajenda ni nzuri.

SWALI: Kamati ya mtaa wetu imeamua kila punda akutwaye akizurura alipiwe shilingi 500 na mwenyewe. Mimi nimekataa kulipa. Wasema wataniripoti kwa chifu. Je, wana haki? — *Mwenye punda wawili, Shela*

JIBU: Kero yao ni ya kweli, lakini faini si ya kisheria. Faini hutokana na sheria iliyotungwa na bunge, la taifa au la kaunti, na hutozwa na mwenye mamlaka aliyetajwa humo. Kamati ya mtaa haina mamlaka hayo, na chifu hawezi kuikusanyia. Kamati inaweza kuwa na makubaliano ya hiari yanayowafunga wanachama waliotia saini, na mchango wake uandikwe hivyo.

Hata hivyo usifurahi sana. Udhibiti wa mifugo ni kazi ya kaunti, na kamati ikiandika barua kwa msimamizi wa wadi na ofisi ya mifugo, ikataja siku, mahali na hasara, wewe ndiwe utakayeitwa. Punda akimwangusha mtoto au akila bidhaa dukani, unaweza kudaiwa fidia mahakamani pasipo hiyo kamati. Punda wanaozurura usiku mara nyingi ni wale waliofunguliwa wajitafutie baada ya kubeba mchanga mchana kutwa. Wape majani na maji jioni, watie alama ya rangi kwenye kwato ijulikane ni wako, na wenye vidonda wapeleke kituo cha kutibu punda mjini Lamu, kilichopo tangu 1987.

SWALI: Mtoza ushuru gatini hutuandikia kwa kalamu kwenye kijikaratasi. Nikidai risiti asema mashine imekwisha chaji. — *Mchuuzi wa samaki, Mokowe*

JIBU: Usimpe pesa mkononi. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayotozwa ila kwa sheria, na viwango vya kaunti hutajwa katika Sheria yake ya Fedha ya kila mwaka. Mwombe akuonyeshe kiwango cha kapu lako humo. Lipa kwa simu kwenye namba rasmi ya kaunti, uweke ujumbe. Akizuia mzigo, andika jina lililo kwenye kitambulisho chake cha kazi, saa na kiasi, upeleke ofisi ya mapato ya kaunti siku hiyo hiyo. Mashine iliyokwisha chaji kila siku saa mbili asubuhi ina ugonjwa mwingine.

SWALI: Ukuta wa chekechea yetu umeishia madirishani. Mwanakandarasi amehama na vifaa vyake. Twataka kujua alilipwa ngapi, lakini ofisini twaambiwa hizo ni siri za serikali. — *Wazazi, Pate*

JIBU: Siri hizo hazipo. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa serikali, na hulazimiki kueleza unaitakia nini. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kumwandikia. Kuomba ni bure. Mnaweza kutozwa gharama ya kunakili tu.

Kosa la kawaida ni kuomba "taarifa zote za mradi". Ombi pana hujibiwa kwa maneno mapana. Ombeni hati kwa majina yake: nakala ya mkataba, orodha ya vipimo na gharama za kazi, hati za malipo zilizoidhinishwa na tarehe zake, ripoti ya mhandisi iliyotangulia kila malipo, na hati ya makabidhiano, kama ipo. Andikeni jina la mradi kama lilivyo kwenye kibao, mwaka wa fedha na wadi. Kibao kikiwa kimeng'olewa, jina mtalipata katika bajeti iliyopitishwa. Ofisi ya karani wa bunge la kaunti inayo.

Tangu siku ya muhuri, ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea mara moja siku zisizozidi 14 ikieleza sababu. Ikiwa hati ziko ofisi nyingine, ombi lihamishwe ndani ya siku tano na mjulishwe. Wakikaa kimya, kimya ni kukataa. Hapo mnapeleka nakala yenye muhuri kwa Tume ya Haki ya Utawala, ndani ya siku 30. Sasa mnaona kwa nini muhuri ule ni wa lazima: bila tarehe ya kupokelewa, siku 21 hazina mwanzo.

Mkipata hati, msianze na jumla. Linganisheni orodha ya vipimo na ukuta. Kama malipo ya "kuezeka" yameidhinishwa na paa halipo, hilo ni jambo la mkaguzi wa hesabu na la tume ya kupambana na ufisadi, na ripoti ya mhandisi aliyetia saini ndiyo ushahidi wenu. Kama malipo yamesimama kwenye msingi na ukuta, huenda mwanakandarasi ameondoka kwa sababu hajalipwa, au fungu limehamishwa katika bajeti ya nyongeza. Visa hivi viwili hutatuliwa tofauti kabisa, na kijiji kinachopiga kelele ya wizi kabla ya kusoma hati hufunga mlango wa kile cha pili.

SWALI: Baba yetu alifariki nyumbani alfajiri, tukamzika kabla ya adhuhuri kama ilivyo sunna. Hatukwenda popote. Sasa twataka kugawana mirathi na twaulizwa cheti cha kifo. Twafanyaje? — *Watoto wa marehemu, Faza*

JIBU: Poleni, Mungu amrehemu. Kuzika mapema si kosa. Kilichokosekana ni kibali cha kuzika, ambacho kwa kifo cha nyumbani hutolewa na naibu wa chifu anapokiandikisha. Kama haijapita miezi sita, nendeni kwake sasa na kitambulisho cha asili cha marehemu, vitambulisho vya mashahidi wawili waliokuwepo maziarani, na barua ya imamu aliyesalisha jeneza, yenye tarehe na mahali pa kaburi. Ikipita miezi sita huwa ni usajili uliochelewa, na faili huenda ofisi ya usajili wa vizazi na vifo ikiwa na ushahidi zaidi. Cheti huombwa baada ya hapo.

Kabla ya kuondoka kwa naibu wa chifu someni alichoandika. Majina matatu yafuate kitambulisho, herufi kwa herufi, hata kama mtaani alijulikana kwa lakabu. Tarehe iwe ya kifo, si ya kuandikisha. Kosa la herufi moja likiingia chetini, mahakama ya Kadhi itawarudisha, na benki vilevile. Kusahihisha cheti huchukua muda mrefu kuliko kukipata. Kitambulisho cha marehemu kitachukuliwa, kwa hiyo pigeni nakala kwanza, pande zote mbili, nakala tatu au nne.

Mahakama ya Kadhi husikiza mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Kadhi ataitaka orodha ya warithi iwe na wajane wote, watoto wote wa kike na wa kiume, walio hapa na walio ng'ambo. Barua ya chifu inayothibitisha warithi iandikwe baada ya nyumba nzima kukaa na kuitaja orodha hiyo. Ikiandikwa na mtoto mmoja aliyewahi boti ya asubuhi, itapingwa na yule aliyekuja na boti ya jioni.

Na kwa walio na mgonjwa nyumbani: wakati maiti anaoshwa, vijana wawili wapelekwe kwa naibu wa chifu wakiwa na kitambulisho. Kibali huandikwa kwa dakika chache, na maziko hayacheleweshwi. Akiwa hayupo, mpigieni chifu wa lokesheni. Kifo cha ajali, cha kuzama au chenye shaka kiripotiwe polisi kabla ya kuzika, kwa maana kufukua kaburi kwa amri ya mahakama ni jambo hakuna nyumba inayotaka kulipitia.